Chama cha Kutajana

Elkana alikula zamu yake, akashiba, akajipangusa mdomo, halafu zamu yangu ilipofika akaniambia mimi, Nyamvula Mramba, kwamba siku hizi ana maadili. Maadili! Mtu ambaye sisi ndio tuliompandisha mpaka akafika alipofika, anakaa mbele yangu kwenye kantini ya chuo na kikombe cha chai mkononi, anayavuta maneno polepole kana kwamba ananifundisha kusoma. Nilitamani niimwage ile chai. Sikuimwaga kwa sababu nilikuwa nimeilipia mimi.

Lakini ngoja nianze na chama chenyewe, maana bila kukijua hutaielewa hasira yangu, na mimi nataka uielewe.

Kila mtu wa Mombasa anajua chama. Watu wanachanga, mwezi huu anapewa huyu, mwezi ujao anapewa yule, mpaka wote wamepata. Wauza samaki wana chama, makuli wa bandarini wana chama, kwaya za kanisani zina vyao. Sisi wahadhiri tulikuwa na chetu pia, ila hatukuchanga pesa. Tulichanga kutajana.

Usinikunjie uso kabla sijamaliza. Kazi yetu ni kuifunza mitambo ijiongoze yenyewe: pampu ijue wakati wa kuwaka, tanuri lijue linapopoa, kreni ijue namna ya kushusha kontena bila kulitikisa. Ni kazi ngumu na inapendeza, na mimi naipenda kuliko ninavyowapenda baadhi ya ndugu zangu. Lakini chuoni hupandi cheo kwa sababu pampu yako imewaka. Unapanda kwa sababu umeandika makala kuhusu pampu, na watu wengine wameitaja makala yako ndani ya makala zao. Mtu akikutaja, kompyuta huko iliko inaongeza moja, na siku ya usaili wakubwa wanaangalia hiyo hesabu. Sasa niambie, nani huko Ulaya atamtaja mtu anayehangaika na tangi la maji huku Kisauni? Miaka nenda miaka rudi makala zangu hazikutajwa na mtu yeyote ila mimi mwenyewe, na hata mimi nilikuwa nimeanza kuchoka.

Aliyeleta dawa ni Jael. Huyu ni mhadhiri mwenzetu, mtu wa bara lakini amekaa Shika Adabu, kule Likoni, mpaka amekuwa mwenyeji. Utafiti wake ni mashine za kuangulia vifaranga. Kanisani kwao ndiye mwenyekiti wa chama cha akina mama, na hicho chama hakijawahi kuvunjika kwa sababu watu wanamwogopa. Basi Jumamosi moja alituita kwake, mimi na Elkana na Najib, akatupikia samaki wa kupaka, akangoja tushibe, ndipo akasema neno lake.

"Nyinyi watu mna akili lakini hamna mpango," akasema. "Kuanzia leo tuna zamu. Mwenye zamu, sisi wengine wote tunamtaja katika kila tunachoandika. Akipanda cheo, zamu inahama."

Najib, ambaye ni mtu wa mji, wa ukoo wa zamani, na ambaye hata akikukatalia jambo anakukatalia kwa heshima, akapangusa vidole vyake taratibu. Yeye utafiti wake ni kreni za bandarini.

"Bi Jael, wallahi wazo lako zuri," akasema. "Ila nifahamishe kitu kimoja. Kreni yangu na vifaranga vyako, vitakutania wapi?"

"Kreni yako haipati joto?"

"Hupata."

"Na vifaranga pia. Andika hapo."

Ikawa hivyo. Makala ya Najib kuhusu kreni ikamtaja Jael kwa upande wa joto, makala yangu kuhusu maji ikamtaja Jael kwa upande wa unyevu, na Elkana, ambaye anafanya utafiti wa matanuri ya viwandani, akamtaja Jael bila kueleza ni kwa upande gani. Hakuna aliyeuliza. Jael akapanda. Najib akafuata, akapanda. Aliyechelewa kutaja alitozwa faini ya sambusa za nyama, za kututosha sote. Kusoma makala ya mwenzako hakukuwa sharti, na kwa kuwa hakukuwa sharti, hakuna aliyesoma.

Zamu ya tatu ilikuwa ya Elkana. Nilimtaja Elkana mpaka nikaona haya. Niliandika makala kuhusu matone ya maji nikaweka tanuri ndani. Akapanda, akawa profesa mshiriki, na huko kwao Changamwe mambo yakabadilika usiku mmoja. Kinyozi akamwita Prof, watu wa bodaboda wakamwita Prof, kanisani wakamtoa kwenye benchi wakampa kiti cha peke yake karibu na mchungaji. Suti akashona mbili. Kila alichokipata, sisi tulishika mwisho mmoja wa kamba tukavuta.

Ndipo zamu yangu ikafika, na ilifika wakati mbaya. Chuo kilitangaza nafasi moja ya profesa mshiriki katika idara yetu, na kikasema wazi kwamba baada ya hiyo milango inafungwa, na hakuna aliyesema itafunguliwa lini tena. Nisipoingia mwaka huu nitastaafu nikiwa pale pale nilipo. Na mama yangu, huko Mwakirunge, alikuwa ameshawatangazia watu wa kanisa lake.

"Mama, ungengoja kwanza," nikamwambia kwa simu.

"Ningoje nini? Una akili au huna?"

"Akili ninayo, mama."

"Basi wewe ni profesa. Hayo mengine ni ya wazungu."

Jael akapiga hesabu yake. Kwa Jael na Najib kunitaja, nilifika karibu kabisa na kiwango kinachotakiwa, nikapungukiwa na mmoja, na wao walikuwa wameshamaliza makala zao za mwaka huo. Huyo mmoja ni Elkana. Nikamnunulia chai nimkumbushe, ndipo akanipa hayo maneno niliyoyasema mwanzo.

"Dokta, mimi siku hizi nataja tu kitu nimesoma," akasema. "Nikiwa profesa, watu wananiangalia. Ni suala la maadili."

"Basi isome yangu uitaje."

"Sina wakati, Dokta. Niko kwa kamati nyingi sana."

Nilimpigia Jael nikiwa bado nimesimama mlangoni mwa kantini. Nilimweleza kila kitu. Jael hakukasirika, aliuliza tu kama fundi anayeuliza ukubwa wa nati.

"Alikula zamu yake?"

"Alikula."

"Yote?"

"Yote, Jael. Hakubakisha."

"Sawa. Jumapili baada ya ibada tunaenda kwake."

Kama hujawahi kuwa kwenye chama cha akina mama, nikueleze. Mwanachama akila asilipe, hapelekwi polisi wala haandikiwi barua. Wenzake wanafika nyumbani kwake kwa umoja wao, wanasalimia vizuri, wanabeba kochi. Ndiyo sheria, na kila mtu anaijua kabla hajajiunga. Jael aliazima pikapu ya mtu anayemletea mayai, Najib akaja na kanzu yake nyeupe akalalamika njia nzima kwamba yeye hajawahi kumbebea mtu vyombo vyake, na mimi nilikaa nyuma na trei tupu za mayai, nimevaa nguo yangu ya kanisani.

Aliyetufungulia mlango ni Fancy, mke wa Elkana. Mama mnene wa maneno machache, ana duka la vitambaa pale Changamwe. Alituona watatu tumepangana mlangoni, akaiona pikapu, na uso wake ukabadilika. Nikajua huyu naye yumo chamani mahali fulani.

"Nani amekula?" akauliza.

"Mzee," Jael akasema.

"Elkana, kuja hapa!"

Elkana akatoka chumbani na soksi, gazeti mkononi. Akaanza kueleza kwamba si pesa, ni mambo ya kitaaluma, ni suala gumu kidogo kwa mtu ambaye hayuko katika fani. Fancy akamnyamazisha kwa kiganja.

"Mimi siulizi ni ya nini. Hawa watu walikupa zamu?"

"Walinipa, lakini..."

"Ukala?"

"Fancy, kuna suala la maadili."

"Hayo maadili yalikuwa wapi ukikula?"

Elkana akalikunja gazeti lake. Fancy akazunguka nyuma ya televisheni, akaichomoa waya mwenyewe, akaufunga waya vizuri usije ukaburutika, akamwambia Najib ashike upande ule. Najib akashika. "Samahani sana ndugu yangu, samahani," akawa anamwambia Elkana mpaka wakaifikisha garini. Nami nilimwachia Elkana makala yangu juu ya meza, nimeichapisha na kuipiga pini. Nikamwambia asome sasa, maana hana tena cha kutazama.

Wiki zikapita kimya. Televisheni ilikaa kwa Jael, imefunikwa shuka. Usaili wangu ukakaribia, nikaanza kukosa usingizi. Nilimwona Elkana mara moja dukani kwa fundi wa mabomba, amebeba valvu na waya, akanipungia mkono haraka akaondoka. Nikadhani anatengeneza choo. Kisha, siku chache tu kabla ya usaili, simu yangu ikalia, ujumbe wa Elkana: "Nimekutaja. Imetoka leo. Rudisheni TV."

Tukaangalia kwenye kompyuta. Hesabu ilikuwa imeongezeka moja. Jael akapiga makofi, Najib akasema alhamdulillahi, mimi nikamkumbatia Jael nikalia kidogo. Televisheni ikarudi Changamwe kwa pikapu ile ile. Makala yenyewe Elkana aliyoandika, hakuna aliyeifungua. Tuifungue ya nini? Ilikuwa imeshafanya kazi yake.

Siku ya usaili niliingia nimetulia. Kamati ilikuwa watu wanne nyuma ya meza ndefu, na mwenyekiti alikuwa Profesa Munga, mzee mpole mwenye miwani inayoteremka puani. Nikampa shikamoo. Alikuwa na orodha ya makala zote zilizonitaja, akaanza kusoma vichwa vyake kwa sauti ya kuridhika, kama mtu anayesoma majina ya wageni waliofika arusini.

"Kreni na Suala la Unyevu," akasoma. "Vizuri. Vifaranga na Maji ya Kunywa. Vizuri sana. Kreni na Maji, Sehemu ya Pili. Umetajwa, Dokta, umetajwa. Na hii ya mwisho..." Akaisukuma miwani. "Mtambo Unaomngoja Mtu wa Mkokoteni: Uchunguzi wa Mbinu ya Mramba. Mramba ni wewe?"

"Ni mimi, Profesa," nikasema. "Naomba niione hiyo."

Akashangaa, lakini akageuza kompyuta yake upande wangu. Nikasoma pale pale, kamati nzima ikiningoja.

Elkana alikuwa ameuchukua mtambo wangu hatua kwa hatua, kama nilivyouandika, akautengeneza upya na kuufunga nyumbani kwake. Huu mtambo wangu kazi yake ni moja. Maji ya mfereji kwetu hayana ratiba, yanakuja yanapotaka, basi mtambo unajifunza tabia yake, unawasha pampu maji yanapokaribia, unajaza tangi wewe ukiwa umelala. Makala yangu ilisema unapatia karibu kila mara. Elkana akauacha ufanye kazi Changamwe kwa hesabu zile zile ulizojifunza maabara kwangu, kama nilivyozichapisha. Maji yalipokuja alfajiri, pampu ilikaa kimya. Asubuhi ikisogea, mfereji mkavu kabisa, pampu ikawaka, ikanguruma, ikangoja, ikazima. Kila siku hivyo, isipokuwa Ijumaa. Ijumaa haikuwaka kabisa.

Hiyo Ijumaa niliisoma mara mbili. Nilimjua ni nani. Ni Boga.

Chuoni kwetu mfereji wa maabara ni pambo tu, hautoi maji. Tangi langu la majaribio lilijazwa na Boga, Mdigo mmoja mwenye mkokoteni wa mitungi, anayekuja akishakunywa chai yake ya saa nne, na Ijumaa haji kwa sababu anajiandaa kwenda msikitini. Nilimlipa, nikamshukuru, sikumfikiria tena. Bomba lilikuwa kavu siku zote, kwa hiyo mtambo haukuwa na cha kujifunza ila saa ya Boga. Miaka yote hiyo nilijisifu kwamba nimeunda mtambo unaobashiri maji, kumbe ulikuwa ukimbashiri Boga. Na ulimjua vizuri, lazima niseme. Sidhani hata mkewe anamjua hivyo.

Ukurasa wa mwisho Elkana alikuwa ameuchora mtambo upya, na kipimo cha presha akakitoa chini ya tangi nilipokiweka mimi, akakisogeza mpaka kwenye bomba la mtaani. Ulikuwa mchoro safi. Niliutazama nikaona kwamba yuko sahihi, na kwamba mtu aliyeuchora alikuwa ameielewa kazi yangu mpaka ndani.

"Dokta?" Profesa Munga akaniita. "Kuna tatizo?"

Ningeweza kunyamaza. Nilijua pale pale kwamba ningeweza kunyamaza, nikasema hakuna tatizo, nikaenda zangu. Lakini mimi nina mdomo, na ile makala ilikuwa mbele yangu.

"Lipo, Profesa," nikasema. "Mtambo wangu haufanyi kazi."

Kamati ikatazamana.

"Hii makala inaonyesha kwamba haufanyi kazi," nikaendelea, na sauti ikaanza kupanda. "Na inasema kweli. Mtambo haukujifunza maji, ulijifunza mtu. Kosa ni langu, na limeonyeshwa vizuri, tena limerekebishwa. Hebu tazameni huu mchoro."

Profesa Munga hakuutazama mchoro. Alitazama orodha yake, akaweka kidole kwenye mstari.

"Dokta Mramba, katika makala hii umetajwa au hukutajwa?"

"Nimetajwa. Nimetajwa kwamba nimekosea."

"Lakini umetajwa."

"Nimetajwa, Profesa."

"Basi." Akapiga tiki.

Wakanong'onezana kidogo tu, sijamaliza hata kufunga mkoba wangu, kisha mzee akasimama akanipa mkono. "Hongera sana, Profesa," akasema, na alisema kwa moyo safi kabisa, hakuwa na kejeli.

"Mmeisoma?" nikamuuliza. Mkono wake nilikuwa bado nimeushika. "Hii, au yoyote katika hizo. Mmesoma hata moja?"

"Mwanangu," akasema, sasa kwa upole wa mzee, "tukianza kusoma tutamaliza lini? Wako wenzako wa idara nyingine nje wanangoja."

Nikatoka. Nilikuwa nimepata kitu nilichokitaka kwa miaka, kitu nilichokipandia pikapu ya mayai, na nilikuwa na hasira ya kuweza kuvunja kiti. Nilifika mpaka karibu na geti nikatoa simu. Sikumpigia mama wala Jael. Nilimpigia Elkana.

"Umepita?" akauliza kabla sijasalimia.

"Nimepita."

"Hongera, Prof."

"Kwa nini hukuniambia kwamba mtambo umekosea?"

"Ningekuambia, mngerudi na Jael mchukue friji." Akacheka, halafu akaacha. "Ukweli, mwanzo nilitaka tu nitafute kosa moja, nikutaje nalo nijitetee. Nikaufunga nikitaka uanguke. Wiki ya kwanza ulikuwa unanichanganya kabisa. Fancy aliniuliza kama mtambo umesilimu. Ndio nikaanza kuuliza pale maabara kwako ni nini hakikuji Ijumaa, wakaniambia ni Boga."

Nikacheka bila kupenda. Kisha akauliza swali ambalo nilijua analingoja.

"Walisema nini kuhusu makala yangu?"

Nilifikiria kumdanganya.

"Hawakuisoma, Elkana."

"Hata kidogo?"

"Walisoma kichwa chake."

Nilisikia watoto wakicheza huko kwake, na Fancy akizungumza na mtu mlangoni.

"Nilikaa nayo muda mrefu, Nyamvula," akasema hatimaye, na hakuniita Dokta wala Prof. "Tangu nianze kazi hii, hiyo ndiyo makala ya kwanza nimeandika nikijua ninachosema. Yako nayo nimeisoma mpaka nimeijua kwa kichwa. Imekosea, lakini ni kazi nzuri. Ni kazi nzuri sana. Hakuna mtu amewahi kukuambia?"

Hakuna mtu aliyewahi kuniambia. Nililia pale getini, profesa mzima, mpaka mlinzi akanyanyuka kwenye kiti chake akanipa nikae. Nilipopata sauti nikamwambia Elkana anitumie makala zake zote, za matanuri, tangu ya kwanza, kwa maana nimezitaja zote na sijui zinasema nini. Na nikamwonya kwamba naanza kusoma leo, na popote nitakapoona amekosea, nitamtaja.